Mtandao Unasumbua

Katika duka letu kuna uongo mmoja ulioruhusiwa. Mteja akitoa kadi, na mashine ikaandika kwamba salio halitoshi, keshia hasemi hivyo. Anaigeuza ile mashine upande wake, anakunja uso kidogo, kisha anasema, "Pole sana, mtandao unasumbua. Una pesa taslimu, au nikuwekee vitu pembeni?" Mteja anashusha pumzi. Walio nyuma yake wanaulaani mtandao, na yeye anaondoka na heshima yake mkononi hata kama hakuondoka na mkate.

Nilifundishwa uongo huo na keshia mkongwe tuliyemwita Shangazi Risiti, siku yangu ya kwanza kukaa kaunta namba nne, miaka kumi na mmoja iliyopita. Aliniambia wateja watanisamehe maziwa yaliyochacha na bei iliyopanda tangu asubuhi, lakini hawatanisamehe kamwe nikiwatangazia ufukara mbele ya foleni. "Huo mtandao utwishe kila kitu," akasema. "Hauna ndugu wa kuja kulalamika kwa meneja."

Nimeusema uongo huo kwa walimu mwisho wa mwezi, na kwa kijana aliyemleta mchumba wake kumnunulia manukato. Nimeusema hata kwa mama mkwe wangu. Sikuwahi kumnyima mtu. Niliyemnyima ni mmoja tu, Mkandarasi, na nilimnyima kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu, baada ya kumsubiri siku arobaini na tatu.

Ngoja nieleze kwanza alichonifanyia, msije mkamwonea huruma mapema.

Mimi na Mkandarasi tulikuwa na kitu kimoja tu cha pamoja: mabinti zetu walisoma darasa moja, mwaka wa mwisho. Wa kwake aliitwa Benki na wenzake, na sababu yake nitaieleza. Wa kwangu nimemwita Kisanduku tangu ana miaka minne, kwa sababu ukimwambia jambo, limeingia humo na kufungwa. Nilikuwa nikimnunulia baba yake zawadi, namwonyesha mtoto, namwambia asiseme, na mtoto hasemi hata abembelezwe kwa pipi. Nilidhani ni sifa nzuri ya kumlelea. Baadaye nilijuta.

Mwanzoni mwa mwaka shule iliitisha mkutano wa wazazi. Ajenda ya mwisho ilikuwa kama wanafunzi waruhusiwe kuwa na kadi za benki shuleni, badala ya kutumiwa hela kupitia kwa walimu. Mkandarasi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alisimama akazungumza kwa kinywa kipana. Mtoto wa miaka kumi na sita ni mtu mzima mtarajiwa, akasema, apewe kadi yake, ajifunze kupanga, akosee angali mdogo. Baba atapata ujumbe kwenye simu kila hela inapotoka, sasa hatari iko wapi? Watu wakapiga makofi.

Mimi nikanyoosha mkono. Nilisema kwamba nimekaa na kadi za watu miaka mingi, na tatizo halitakuwa kwa mwenye kadi. Tatizo litakuwa kwa wasio nayo, kwa sababu mmoja akiwa na kadi, wanne watakuwa matarishi wake. Sikumaliza hata sentensi.

"Huyu mama anabonyeza mashine kutwa nzima," Mkandarasi akasema, "na bado anaiogopa."

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka nao, kama mjinga, kwa sababu sikujua niweke wapi uso wangu. Kadi zikapita kwa kura za wengi.

Kilichofuata ni kilekile nilichosema, na ningefurahi sana kama ningekosea. Benki alipewa kadi, na ndiyo iliyompa jina hilo, pamoja na ile bahasha ya benki yenye namba ya siri. Hakupenda kutembea kwenda dukani wala kupanga foleni, na nyumbani kwao amezoea kutuma wengine, si kutumwa yeye. Akatafuta wa kumtuma. Kisanduku alikulia chini ya kaunta namba nne, akifanyia kazi zake za shule juu ya makatoni ya sabuni, na kwenye mambo ya dukani hakuwa na mpinzani darasani. Basi ndiye aliyetumwa. Anatoka mapumziko ya mchana, ananunua kwenye maduka ya karibu na shule, anarudisha kadi na risiti. Malipo yake yalikuwa juisi moja. Nilipata habari hizi zote baadaye, maana kisanduku ni kisanduku.

Wiki ya tatu Mkandarasi akafungua ule ujumbe wake kwenye simu, akakuta hela ya muhula mzima imekwisha. Akaja shuleni bila taarifa. Benki alimwona baba yake dirishani, akashuka kwa mwalimu mkuu mbio, akasema kadi yake imeibwa. Mikoba ikapekuliwa. Kadi ikakutwa kwenye mkebe wa hisabati wa mwanangu, maana alikuwa ametumwa mchana huohuo na kengele ilimkuta bado hajairudisha.

Niliitwa kutoka kazini. Nilifika nikiwa na fulana ya duka na kibandiko changu cha jina kifuani. Ofisini walikuwa mwalimu mkuu, Mkandarasi, na wasichana wawili wamesimama mbali mbali.

"Kadi ilifikaje kwako?" mwalimu mkuu akamuuliza mwanangu.

"Alinituma."

"Na namba ya siri?"

"Alinipa."

"Muongo," Benki akasema, huku akiangalia viatu vyake. "Alinichungulia nilipokuwa nabonyeza."

"Ulinunua nini?"

Kisanduku akatikisa kichwa. Nikamwambia aseme, nikambana, karibu nimtikise mabega. Akajibu kwamba vilivyonunuliwa si vyake na siri yenyewe si yake. Mambo yalipofika hapo, nani angemwamini?

Ndipo Mkandarasi akanigeukia. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kile kibandiko. "Mtoto wa keshia," akasema taratibu. "Amelelewa na namba za siri za watu. Ungetegemea nini?"

Nimekaa miaka kumi na mmoja, na mteja akibonyeza namba yake mimi huangalia dari. Mwanangu nilimfundisha kuangalia dari kabla hajajua kusoma. Nikaapa palepale, kwenye kile kiti cha ofisini chenye mguu mmoja mfupi, kwamba mtu huyu nitamlipa.

Kisanduku alisimamishwa. Angerudi kwa njia mbili tu: akiri kwa maandishi, au mwenye kadi afute malalamiko kwa maandishi. Baada ya mwezi nikaenda kumuuliza mwalimu mkuu amefikia wapi, naye akaniambia kwa upole kwamba kila siku ushahidi unazidi kuwa mbaya. "Baba yake Benki anasema alimwongezea binti hela na kumwagiza abadili namba," akasema. "Tangu siku hiyo hakijatoka hata kitu kimoja. Kadi imetulia. Kwa hiyo mama, jiulize, aliyekuwa akiitumia ni nani?" Nililala na swali hilo kama mtu aliyelala na kokoto kitandani, na naona haya kusema kwamba usiku mmoja au miwili nilimshuku mwanangu.

Mkandarasi hakuacha kupita kaunta yangu. Kila Jumamosi alikuja na toroli lake, kwa sababu namba nne iko karibu na mlango wa maegesho. Hakuona sababu ya kunikwepa. Alikuwa ananipa kadi huku anaongea na simu, anaichukua huku anaongea na simu. Mimi nilikuwa nikiweka mayai yake chini na makopo juu. Mkate wake nilikuwa naubonyeza katikati kwa kidole gumba. Ni visasi vya kitoto, najua, lakini nilikuwa naenda nyumbani nimechangamka.

Kisha siku zikaisha. Majina ya watahiniwa wa mtihani wa mwisho yalikuwa yanafungwa Jumatatu. Asiyekuwa darasani siku hiyo hana mtihani, na asiye na mtihani amepoteza mwaka mzima, na sisi mwaka wa pili wa karo hatukuwa nao. Ijumaa mchana niliomba ruhusa nikaenda ofisini kwa Mkandarasi. Alinisimamisha karibu na mifuko ya saruji nusu saa, kisha akatoka.

"Mheshimiwa, naomba umsamehe mwanangu. Andika mistari miwili tu."

"Aandike yeye. Akiri kwa mkono wake kwamba aliiba, nitamsamehe siku hiyohiyo. Mimi sina roho mbaya, mama."

Nikarudi nyumbani, na hapa ndipo ninapojichukia. Nilimwekea Kisanduku karatasi na kalamu mezani nikamwambia akiri. Nilimsihi. Nilimwambia maneno mawili ya uongo hayamuui mtu, na mtihani ndio maisha yake.

Akaitazama karatasi. "Niandike uongo kwa mwandiko wangu, mama?"

Akaisukuma pembeni, akaendelea na kitabu cha kuazima. Nilikwenda jikoni nikalia nimeshika bomba la maji. Sikumlilia yeye. Nililia kwa hasira, kwa sababu yule mtu alikuwa amenifikisha mahali pa kumwomba mwanangu awe mwizi.

Jumamosi akaja, kama kawaida yake.

Siku hiyo toroli lilikuwa limefurika. Nyuma yake alisimama mweka hazina wa kamati ya wazazi, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, akiwa na kikapu chake kidogo. Wajumbe wa kamati walikuwa wanakwenda kula kwa Mkandarasi mchana huo. Benki alikuwa kando ya toroli, anachezea mkufu wake. Aliponiona akageukia rafu ya pipi.

"Huyu binti yangu," Mkandarasi alikuwa akimwambia mweka hazina, "tangu ile kadi iokolewe, hajagusa hata senti. Ndiyo faida ya kumwamini mtoto. Ameanza kujifunza."

Nilipitisha vitu vyake kimoja kimoja. Makopo, nyama, mafuta, vinywaji vya aina tatu. Nikataja jumla. Akaniwekea kadi mezani bila kuniangalia, nikaiingiza, akabonyeza namba, nami nikaangalia dari. Mashine ikafikiri, ikalia ule mlio wake mfupi. Salio halitoshi.

Makandarasi hela zao huja kwa mafungu, nalijua hilo. Wiki hii wametajirika, wiki ijayo wanangoja hundi. Siku nyingine yoyote, kwa mtu mwingine yeyote, mdomo wangu ungejifungua wenyewe na kusema lile neno. Nililisikia kabisa limekaa kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Mheshimiwa, kadi yako haina hela."

Nilisema kwa sauti ile ninayomwitia mlinzi aliye mlangoni. Mwenzangu wa kaunta namba tano alisimama na mfuko wa sukari hewani.

"Unasemaje?" Mkandarasi akashusha simu.

"Salio halitoshi. Ndivyo ilivyoandikwa. Nikusomee tena?"

"Rudia. Itakuwa mtandao."

"Mtandao ni mzima. Dada aliyekutangulia kalipa kwa kadi sasa hivi. Mtandao hauna kosa lolote leo. Kadi yako ndiyo haina kitu."

Nikarudia, kwa heshima zote. Ikalia tena. Nikaigeuza mashine ili mweka hazina naye aone vizuri, maana miwani yake haikuwa ya mapambo. Uso wa Mkandarasi ukamshuka. Alipapasa mfuko wa shati, akapapasa wa suruali, akatoa noti mbili zilizokunjwa ambazo zisingenunua hata mafuta. Foleni ilikuwa imefika kwenye rafu za sabuni, na kila aliyekuwamo alikuwa anasikia. Naapa sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile.

"Nikuwekee vitu pembeni," nikamuuliza, "au nirudishe nyama kwenye barafu isije ikaharibika?"

Akamgeukia binti yake. "Toa kadi yako."

"Baba, tuache tu vitu. Tutarudi."

"Toa kadi. Si una akiba?"

Benki alifungua kipochi kama mtu anayefungua jeraha. Nikaichukua ile kadi. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuishika, kijikadi kilichoninyima usingizi mwezi na nusu, na ilikuwa haina hata mkwaruzo. Nikaiingiza. Mashine ikaomba namba.

Sikuangalia dari. Najua ni kosa, lakini siku hiyo nilikuwa nimeshavunja sheria moja, ya pili haikuniumiza. Vidole vya mwenye kadi huenda vyenyewe, hata awe anaongea, hata awe amelewa. Vya Benki vilikaa juu ya vitufe havijui pa kutua. Akabonyeza nne. Siyo. Akabonyeza nyingine nne, polepole. Siyo.

"Imebaki mara moja," nikasema. "Ukikosea tena inafungwa."

"Umesahau namba uliyobadili juzi tu?" baba yake akasema kwa meno.

"Sikubadili."

"Uliniambia umebadili."

"Ukitaka kubadili wanakudai kwanza ile ya zamani."

"Sasa ile ya zamani ni ngapi?"

Mkufu ulikuwa umejisokota kidoleni mpaka kidole kikawa cheusi.

"Nakuuliza. Kadi yako mwenyewe hujui namba yake? Anayeijua ni nani?"

Benki akainua macho, akaniangalia mimi.

Hapo ndipo kokoto niliyolalia wiki mbili ilipotoka. Kadi haikuguswa siku arobaini na tatu, na mwalimu mkuu aliniambia nijiulize. Nikajiuliza sasa, na jibu lilikuwa limesimama mbele yangu linatokwa jasho. Kadi ilitulia kwa sababu mtu pekee aliyeweza kuitumia alikuwa amesimamishwa shule.

"Ongea, mwanangu," nikamwambia Benki, na sikumwambia kwa upole. "Mwanangu mimi alikuchungulia ulipokuwa unabonyeza namba. Ndivyo ulivyosema. Haya, bonyeza basi hiyo namba uliyochunguliwa."

Mweka hazina akavua miwani. "Mtoto hawezi kuchunguliwa kitu asichokijua," akasema, kama anayejisemea mwenyewe.

"Nilimpa bahasha," Benki akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kaunta yangu iko mahali penye mwangwi. "Ile ya benki. Sikuifungua. Nilimwambia aishike kichwani halafu aichane. Mimi sijawahi kwenda nayo dukani hata siku moja."

"Na vitu?" baba akauliza.

"Vya kwangu. Vyote. Na viatu, nilimnunulia mtu."

Mkandarasi alikuwa mtu mrefu, lakini mkono wake ulishika ukingo wa kaunta. Akatazama foleni, akatazama toroli. Nadhani alikuwa anafikiria wageni walio njiani kwake. Kisha akainama karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alishusha sauti.

"Mama, tafadhali. Mpigie binti yako simu. Atusaidie hiyo namba, mambo mengine tutayazungumza baadaye."

Baadaye. Nilivuta ile karatasi nyeupe ya risiti kutoka kwenye mashine, nikavuta tena, nikavuta mpaka ikawa na urefu wa mkono, nikaikata. Nikamgeuzia upande usio na maandishi na kumwekea kalamu juu.

"Andika sasa."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Mwanangu aliitwa mwizi mbele za watu. Andika kwamba kadi alipewa na namba alipewa, na malalamiko umeyafuta. Weka tarehe. Weka sahihi. Mama mweka hazina ataweka yake chini."

Akaandika. Karatasi ya risiti huteleza, ikabidi aishikilie kwa kiwiko kama mtoto wa darasa la kwanza. Kuna mtu nyuma alilalamika kwamba foleni haisogei, na mwingine akamwambia anyamaze, hii ni bora kuliko sinema. Nilimfanya Mkandarasi arudie mstari mmoja kwa sababu aliandika "huenda". Nilimwambia neno hilo silitaki. Mweka hazina akasoma yote, akasaini, akanipa. Nikaikunja nikaitia kifuani, nyuma ya kibandiko.

Kisha nikapiga simu, nikaweka spika kwa nguvu zote ilizo nazo, kwa sababu nilitaka kila mtu asikie namba ikitoka kwenye mdomo wa mwizi wao.

"Mama? Si uko kazini?"

"Niko kazini. Rafiki yako yuko hapa na baba yake. Kadi imewakwama, hawajui namba. Itaje."

"Umeweka spika?"

"Ndiyo. Taja, watu wanasubiri."

"Itoe, mama."

"Waache wasikie—"

"Itoe. Namba ya mtu haitajwi mbele za watu. Mpe simu mwenyewe."

Foleni nzima ilimsikia akinifundisha kazi yangu. Nikatoa spika, nikampa Benki simu, na safari hii niliangalia dari kwelikweli. Nikasikia vitufe vinne. Mashine ikakubali, ikaanza kutoa risiti. Benki aliendelea kushika simu sikioni muda mrefu baada ya hapo. Alisema "sawa" mara tatu, kisha akashindwa kusema ya nne kwa kilio. Baba yake alisukuma toroli mwenyewe mpaka mlangoni na hakusahau kitu isipokuwa mayai, ambayo siku hiyo nilikuwa nimeyaweka juu.

Msimamizi aliniita ofisini saa tisa. Kuna aliyelalamika, na sikuuliza ni nani. Nilitolewa kaunta kwa mwezi mmoja, nikapelekwa kupima viazi na vitunguu. Nilikubali. Viazi havina kadi.

Jumatatu asubuhi ile karatasi ya risiti ilikuwa juu ya meza ya mwalimu mkuu kabla hajavua koti. Jina la mwanangu liliandikwa la mwisho, kwa mkono, chini ya orodha iliyochapwa. Aliniomba radhi. Nilimwambia akamwombe mwenyewe.

Lakini Jumapili, siku moja kabla, Kisanduku alikuwa anapiga pasi sketi yake ya shule mezani, na mimi nilikuwa nakunywa chai na kumsimulia kwa mara ya tatu jinsi Mkandarasi alivyopapasa mifuko. Nilikuwa namwigiza hata mikono. Yeye hakucheka.

"Ulimwambia nini kwenye simu mpaka akalia?" nikamuuliza.

"Namba. Halafu nikamwambia abadili leoleo, na safari hii asimpe mtu." Akapitisha pasi kwenye mkunjo. "Mama, mbona hukumwambia tu mtandao unasumbua?"

Uongo huo aliujua toka utotoni, aliusikia chini ya kaunta akiwa anajifunza kujumlisha.

"Nisingepata barua."

"Ulipomwambia haina hela, ulikuwa unajua kuna barua?"

Nikaweka kikombe chini. Ningeweza kumdanganya. Angeamini, au angejifanya ameamini, na lingeingia kwenye kisanduku lisitoke tena.

"Hapana," nikasema. "Sikujua."

"Basi kwa nini?"

Nilimwona tena yule mtu ameshika ukingo wa kaunta yangu, na utamu ukanirudia mdomoni kama ulivyokuwa, haujapungua hata kidogo. Nilitafuta majuto, nikayatafuta kwa dhati, kwa sababu ya jinsi alivyokuwa ananitazama.

"Kwa sababu jana," nikamwambia, "mtandao ulikuwa mzima."

Aligeuza sketi upande wa pili, akaendelea kupiga pasi.